Kioo Hakina Baraza

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Kioo ni kile unachokitazama ukajiona mwenyewe, na kioo ni kile unachotazama kupitia kwacho ukamwona mwingine. Wanaouza majumba Nairobi wametuahidi kioo cha pili, kisha wakatujengea cha kwanza. Pita Upper Hill au Westlands saa nane mchana, uinue macho. Ndani huoni mtu. Unaona mawingu, unaona jengo la jirani, na unajiona wewe, mdogo kando ya barabara, umeshika bahasha ya kaki yenye CV.

Nasema bila kuzunguka: jengo lililovikwa kioo kutoka chini hadi juu, katika mji huu, ni kosa. Ni kosa la hesabu, ni kosa la heshima, na siku mbaya ikifika ni kosa la usalama. Tumelizoea kwa sababu linang'aa kwenye picha.

Tuanze na hesabu. Nairobi iko karibu nyuzi 1 tu kusini mwa ikweta, na iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Maana yake ni kwamba tuna jua kali lakini hewa yetu ni tamu. Hatuhitaji kupasha nyumba joto kama watu wa London, wala kuzipoza kama watu wa Dubai. Unafungua dirisha upande huu, unafungua upande ule, hewa inapita, basi. Sasa chukua jengo, lizungushie kioo pande zote, halafu yafunge madirisha yasifunguke kamwe. Mwanga wa jua unapenya bila shida, unagonga meza, zulia na migongo ya watu, unageuka joto, na joto hilo halitoki kwa urahisi ule mwanga ulioingilia. Yeyote aliyewahi kuingia matatu iliyoshinda juani stage ikiwa imefungwa anaijua sayansi hii. Wakulima wa maua Naivasha wanaijua pia, ndiyo maana wanafunika waridi kwa plastiki. Lakini waridi haliwekewi AC.

Na kitu hiki kilianza hivyo hivyo, kama nyumba ya mimea. Crystal Palace, lile jumba kubwa la kioo lililojengwa London mwaka 1851 kwa ajili ya maonyesho ya dunia, lilichorwa na Joseph Paxton, mtu wa bustani aliyejipatia sifa kwa kujenga vibanda vya kioo vya kutunzia mimea ya nchi za joto. Wazo lilikuwa na akili: nchi ina baridi, mmea unataka joto, kioo kinanasa joto. Karne moja baadaye, mwaka 1952, New York ikapata Lever House, mnara wenye kuta za kioo, madirisha yasiyofunguka na hewa ya mashine. Mtindo ukazunguka dunia. Ulipotufikia sisi, hakuna aliyeuliza ni mmea gani tunataka kuupasha joto hapa.

Wenyewe wameanza kujuta. Mwaka 2013 mnara mmoja wa London, 20 Fenchurch Street, ambao ukuta wake wa kioo umepinda kwa ndani, ulikusanya jua na kulielekeza barabarani hadi likayeyusha sehemu za gari aina ya Jaguar lililokuwa limeegeshwa. Mwandishi mmoja wa habari akaenda na kikaango, akakaanga yai pale pale kando ya barabara. London, jamani, mji wa mvua. Mwaka 2019 meya wa New York wakati huo, Bill de Blasio, alisema hadharani kwamba minara ya kioo na chuma haina tena nafasi mjini mwake. Sheria iliyopitishwa haikupiga kioo marufuku, lakini iliyawekea majengo makubwa kikomo cha hewa chafu yanayosababisha. Sisi tunanunua nguo ambayo mwenyewe anaivua.

Nimewahi kufanya kazi katika jengo moja la aina hii, orofa ya nne, upande wa magharibi. Brosha yao ilisifia mwanga wa asili. Ikifika saa nane, mwanga wa asili ulikuwa unatua moja kwa moja kwenye skrini na kwenye jicho, kwa hivyo tulishusha mapazia yote. Mapazia yakishuka ofisi inakuwa giza, kwa hivyo tuliwasha taa zote. Fikiria hapo: adhuhuri, jua la ikweta liko nje, sisi tuko nyuma ya ukuta wa kioo wa mamilioni, tumeshusha mapazia na kuwasha stima. Waliokaa karibu na ukuta walibandika manila ili kompyuta isichemke. Waliokaa chini ya AC walivaa masweta. Siku stima ilipopotea na jenereta ikakataa kuwaka, tulitoka wote tukasimama chini ya mti wa jirani kama wanafunzi wa shule ya msingi, kwa sababu dirisha hata moja halikufunguka. Mti ule ulifanya kazi bila malipo ya huduma ya kila mwezi.

Sasa tuje kwenye heshima.

Watu wa Lamu walijenga mji wao kwa mawe ya matumbawe, kuta nene, vichochoro vyembamba vinavyopeana kivuli. Na nje ya nyumba, mlangoni, wakaacha baraza: benchi la mawe lililoungana na nyumba yenyewe. Baraza ni mahali pa mgeni ambaye bado hajakaribishwa ndani, pa mzee anayepunga upepo, pa wawili wanaobishana kuhusu mpira. Nyumba inamwambia mpita njia kwamba hata kama hakuna anayekujua humu, una pahali pa kukaa. Neno lenyewe limekua hadi likawa mkutano na hata baraza la mawaziri. Siasa yetu yote ilianzia kwenye benchi la nje ya nyumba ya mtu.

Jengo la kioo halina baraza. Jaribu kukaa. Tafuta kingo ya bustani mbele ya mnara wowote wa ofisi, keti, hesabu hadi mia mbili. Soja atakuja, mara nyingi kwa upole maana hata yeye ametumwa: "Boss, hapo hakukaliwi." Yeye mwenyewe hana kiti cha maana. Anasimama saa kumi na mbili mbele ya ukuta unaomrudishia jua usoni, akilinda baridi ambayo haionji.

Wafanyakazi wa mle ndani nao wakisikia njaa wanatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kibanda cha mabati, kula chapati madondo kwa mama aliyejipanga kando ya mtaro. Mnara hauna chakula cha mshahara wao. Kisha askari wa kaunti wanakuja kumfukuza yule mama kwa sababu anaharibu sura ya jengo. Sekta yake tunaiita jua kali, kwa sababu watu wake hufanya kazi juani. Ukuta ulio nyuma yake umelipiwa pesa nyingi kuliingiza jua lile lile, halafu ukalipiwa tena kulitoa.

Halafu kuna lile neno, uwazi. Benki hupenda kioo kwa sababu ya neno hili. Mashirika ya umma pia. Hata kanisani siku hizi mimbari ni ya kioo, mhubiri asionekane ameficha kitu. Lakini kioo hakifanyi kitu kiwe wazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na mwaka 2016 tukatungiwa sheria ya kuitekeleza haki hiyo. Hiyo ndiyo uwazi. Haihitaji kioo hata kimoja. Inahitaji karani atakayekupa faili ulilouliza. Nimeona ofisi za mawe za tangu ukoloni, milango ya mbao inalia, ambako mzee wa masijala alinitolea karatasi kwa nusu saa. Nimeona pia mapokezi ya kioo yanayometa ambako niliambiwa nirudi kesho mara nne.

Vile vioo vya kuakisi, vya samawati na vya kijivu, ndivyo vina ukweli zaidi. Vimetengenezwa ili aliye ndani akuone na wewe usimwone. Usiku mambo hugeuka, taa zikiwaka ndani na giza likiwa nje. Pita hapo saa mbili usiku utamwona vizuri mwanamke anayepangusa meza na kumwaga vikapu vya taka, orofa baada ya orofa. Mkurugenzi ameenda nyumbani mapema. Yeye huonekana akitaka. Anayeonekana bila kuulizwa ni mfagiaji.

Nafika sasa kwenye kosa la tatu, na naliandika taratibu kwa sababu mji huu una makovu yake. Tarehe 7 Agosti 1998, kabla ya bomu kulipuka nje ya ubalozi wa Marekani, kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, kulisikika milio na mshindo mdogo. Watu katika majengo ya jirani wakafanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya: walienda dirishani kuangalia. Ndipo mlipuko mkubwa ukaja. Zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi, maelfu wakajeruhiwa, na wengi miongoni mwao walijeruhiwa na vioo. Wapo wanaotembea na fimbo nyeupe mjini leo kwa sababu ya dirisha. Ungetarajia kwamba mji uliopitia hayo ungekuwa wa kwanza duniani kuuliza: kioo gani, kiasi gani, kikivunjika kitaanguka wapi? Lakini kanuni za ujenzi zilizotuongoza kwa miongo mingi ziliandikwa mwaka 1968, na wakati tukizitegemea hizo, minara iliendelea kuota kama uyoga.

Hata ndege wana kesi. Usiku mmoja wa Oktoba 2023, karibu ndege 1,000 waliokuwa wakihama walikufa kwa kugonga jengo moja la kioo Chicago. Waliona anga palipokuwa na ukuta. Mwaka uliofuata vioo vile vilibandikwa vitone vidogo, na vifo vikapungua sana. Suluhisho lilikuwa stika.

Najua nitakachojibiwa. Ati mimi ni adui wa maendeleo, nataka turudi kwa makuti. Hapana. Sichukii kioo. Dirisha zuri ni ustaarabu. Mtoto anayesomea chumba kimoja Mathare anastahili dirisha kubwa kuliko alilonalo. Wengine watasema siku hizi kuna kioo cha tabaka mbili, kilichopakwa dawa ya kuzuia joto. Kipo kweli, na ni bora. Lakini hata kioo bora kinazidiwa na ukuta wenye kivuli, na ukianza na kosa halafu ununue dawa ghali ya kosa hilo, bado si akili.

Na wala hatuhitaji kuvuka bahari kutafuta mfano. KICC iko pale pale, orofa 28, ilikamilika mwaka 1973, kazi ya Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway akishirikiana na David Mutiso wa hapa kwetu. Itazame vizuri: madirisha yake yamekaa ndani, katikati ya mapezi ya zege yanayoyatilia kivuli, na rangi yake ni ya udongo. Ni ndefu, ni ya kisasa, iko hadi kwenye noti zetu, na haikuhitaji kujifanya kioo. Kule Gigiri, Umoja wa Mataifa ulifungua ofisi mpya mwaka 2011 zinazopitisha hewa bila AC, na paa lina sola. Harare wana Eastgate, ya mwaka 1996, ambayo mchoraji wake Mick Pearce alijifunza kwa kichuguu: hewa baridi ya usiku inahifadhiwa kwenye zege, ya moto inapandishwa na kutolewa juu. Mchwa hawana digrii, lakini hakuna mchwa aliyejenga nyumba asiyoweza kuishi ndani yake.

Kwa hivyo hoja si kioo au matope. Hoja ni nani anajengewa. Jengo la kioo linajengwa kwa ajili ya picha, na picha ni ya mwekezaji ambaye hatakaa ndani yake saa nane mchana. Hewa, kivuli na kiti havionekani kwenye picha, ndiyo maana vinakatwa kwanza.

Basi tudai mambo manne, kabla shimo jipya halijachimbwa mtaani kwako. Kila chumba ambamo mtu atafanya kazi kiwe na dirisha linalofunguka. Kuta za mashariki na magharibi, ambazo jua hupiga likiwa chini, ziwe na kivuli cha kweli. Kioo cha juu ya njia ya watu kiwe cha aina isiyomwagika vipande. Na mbele ya jengo pawe na mahali pa kukaa ambapo mtu hafukuzwi.

Mradi mkubwa hutakiwa kutangazwa, na NEMA huitisha maoni ya umma kabla ya kutoa leseni. Tangazo huwekwa gazetini kwa herufi ndogo, kwa matumaini kwamba hutalisoma. Lisome. Andika barua, ukurasa mmoja unatosha, uulize: dirisha linafunguka? Kivuli kiko wapi? Mama wa chapati ataenda wapi? Wakikujibu kwa picha inayong'aa, andika tena.