Kikao cha Ukoo cha Desemba na Haki ya Mjane



Mwisho wa mwaka unapokaribia, matangazo yetu baada ya Misa huwa marefu. Zimo Dominika nne za Majilio na siku za kitubio. Imo Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, tarehe 8 Desemba. Zimo ndoa, jubilei na harambee za kumalizia majengo. Tarehe 9 taifa huadhimisha Uhuru wa mwaka 1961, pale Luteni Alexander Nyirenda alipousimika Mwenge juu ya kilele cha mlima huu ambao sisi tunaishi mabegani mwake. Tarehe 10 walimwengu hukumbuka Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Kisha huja Noeli, Familia Takatifu, na tarehe 1 Januari Siku ya Kuombea Amani Duniani, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968 kwa wito wa Papa Paulo VI.

Katika majuma hayo watu wetu hurudi nyumbani. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, na tangu Desemba 2019, baada ya miaka mingi ya kukosekana, treni ya abiria nayo ilianza tena kufika Moshi. Kuanzia Machame na Kibosho hadi Kilema, Marangu na Rombo, nyumba hupakwa rangi, makaburi ya wazee hupaliliwa, mbege hupikwa, na watoto waliozaliwa mjini huonyeshwa migomba ya babu yao. Kurudi huku ni jambo jema, nasi hatuna neno la kulilaumu. Mtu asiyejua kwao hukosa mahali pa kusimama.

Hata hivyo, iko shughuli moja ya Desemba ambayo haitangazwi kanisani wala haibandikwi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, nayo huamua maisha ya watu kwa miaka mingi kuliko shughuli zote tulizozitaja. Shughuli hiyo ni kikao cha ukoo.

Sababu ya kikao hicho kuwekwa Desemba inaeleweka: ndio wakati pekee ambapo ndugu wote wapo. Basi mambo ya mwaka mzima hurundikwa katika alasiri moja: madeni, mipaka, karo za yatima, na zaidi ya yote, kihamba cha ndugu aliyefariki. Wengi wa waamuzi wana tiketi za kurudi mjini mkononi. Na mara nyingi mjane, ambaye ndiye aliyekipalilia kihamba hicho, akachuma kahawa yake na kumuuguza mumewe humo, yuko jikoni akiwaandalia chakula wale wanaoijadili kesho yake. Huitwa mwishoni ili aambiwe yaliyoamuliwa.

Kwa sababu hiyo wapo akina mama katika Jumuiya zetu ambao, wakati wengine wanahesabu siku za kufika Noeli kwa furaha, wao wanazihesabu kwa hofu. Jambo hili halifai kufichwa nyuma ya nyimbo za sikukuu.

Tunajua hoja ya wazee, nayo inastahili kusikilizwa kwa heshima. Wao husema kwamba kihamba ni mali ya ukoo, kwamba ndimo walimolala mababu, na kwamba ardhi ya mlimani imekwisha gawanywa mno hata haigawanyiki tena. Huogopa kwamba mjane akiolewa kwingine, au binti akikabidhiwa, ardhi itatoka mikononi mwa ukoo. Hofu hiyo si ya kubuni. Lakini twaulize pia: ni wana wangapi wa kiume wamekwisha kuuza vihamba vya baba zao, bila kikao chochote kuwazuia? Tena mila ile ile iliyompa ndugu wa marehemu usimamizi wa kihamba ilimpa pia mzigo wa kumlisha mjane na kuwalea yatima. Anayeidai ardhi kwa jina la mila huku akiukataa mzigo wake hafuati mila. Anachagua tu kile kinachomfaa.

Sheria za nchi nazo zimesema. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua katika shauri la mwanamke wa Kihaya kwamba mila iliyomnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi aliyorithi haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaendelea mbele: mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Sheria hiyo hiyo inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na angalau watatu kati yao wawe wanawake.

Ni kweli kwamba kanuni za mila za urithi zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 hazikumtendea mjane haki, na hata Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ililiambia taifa letu hivyo mwaka 2015, katika malalamiko ya wajane wawili. Lakini upungufu wa sheria moja haumpi Mkristo ruhusa ya kumdhulumu jirani yake.

Viongozi wa walei wajue jambo hili na kulifundisha: kikao cha ukoo hupendekeza jina la msimamizi wa mirathi, lakini anayemteua ni mahakama. Naye msimamizi si mrithi kwa sababu ya usimamizi wake. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia wenye haki na kutoa hesabu mahakamani. Mjane aliyetishwa asainishwe karatasi asiyoisoma anaweza kupeleka pingamizi lake huko.

Tunapendekeza basi mambo manne kwa majuma haya ya Majilio.

Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo itenge jioni moja kuzungumzia mirathi na wosia, na ikiwezekana imwalike msaidizi wa kisheria, ambaye kazi yake inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mzee anayeandika wosia mbele ya mashahidi hajiitii kifo, bali anawaachia watoto wake amani.

Pili, mjane aketi kikaoni tangu mwanzo hadi mwisho, naye awe na mtu wake wa kumsindikiza. Chakula kipikwe na wengine siku hiyo.

Tatu, jambo la ardhi lisiamuliwe siku lilipotajwa kwa mara ya kwanza. Muhtasari uandikwe, usomwe kwa sauti, na mjane apewe nakala.

Nne, kikao kianze kabla ya mbege. Kila mzee anajua kwa nini tunasema hivyo.

Tunaongeza neno kwa ndugu zetu wanaotoka mjini, ambao kwa ukarimu wao paa nyingi za makanisa yetu zimeezekwa. Sadaka ya harambee haifuti dhuluma ya nyumbani. Bati lililonunuliwa na mtu aliyemfukuza mke wa marehemu ndugu yake halilipambi kanisa. Afadhali harambee ichelewe mwaka mmoja kuliko mama mmoja alale nje.

Maandiko Matakatifu yanatusimulia habari za mabinti wa Selofehadi, waliosimama mbele ya Musa na wazee wote wakadai urithi wa baba yao. Musa hakuwaambia kwamba mila imekwisha kusema. Alilipeleka shauri lao mbele za Mungu, na Mungu akawapa haki. Tangu Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 tumezoea kuliita Kanisa letu Familia ya Mungu. Jina hilo litapimwa katika vikao vya familia zetu kabla ya kupimwa mahali pengine popote.

Wazee wetu walituachia mmea mmoja wenye kazi mbili. Sale hupandwa mpakani kuonyesha kihamba cha nani kinaishia wapi, na jani lake hupelekwa kwa aliyekosewa kuomba msamaha. Walijua kwamba amani haipatikani mahali ambapo mpaka umesogezwa. Desemba hii, kabla hatujapeana mikono ya heri, tuutazame mpaka wa kihamba cha mjane, na kama masale yamehamishwa, tuyarudishe yalipokuwa.