Utafiti wa Mitandao ya Kijamii na Elimu ya Tabianchi: Wanakiswahili Tuko Wapi?

Asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii hunijia kila ninapotafakari aina ya utafiti ambayo imeshika kasi vyuoni: kukusanya jumbe za mitandao ya kijamii ili kuchunguza namna elimu ya mabadiliko ya tabianchi inavyoenea, nani anamfunza nani, na sauti ya nani inafika mbali.

Utaratibu wenyewe si mgumu kueleza. Mtafiti huteua maneno ya kutafutia, akakusanya kila ujumbe wenye maneno hayo, kisha akachora ramani. Kila mwandishi huwa nukta. Kila anapousambaza au kuujibu ujumbe wa mwenzake, mstari huziunganisha nukta mbili. Nukta yenye mistari mingi huhesabiwa kuwa kitovu cha mtandao. Faida ya njia hii haikanushiki. Kwayo mtu anaweza kufuatilia jinsi mgomo ulioanzishwa na mwanafunzi mmoja, Greta Thunberg, nje ya bunge la Uswidi mnamo Agosti 2018, ulivyovuka mipaka hadi kuwafikia vijana wa Kampala na Nairobi.

Hata hivyo, ramani hiyo huamuliwa kabla haijachorwa. Huamuliwa na neno la kutafutia. Anayetafuta kwa Kiingereza pekee atawapata wanaoandika Kiingereza. Naye anayeongeza neno "tabianchi" na kudhani amekimaliza Kiswahili anajidanganya. Wapo wanaoandika "tabia nchi" kwa maneno mawili. Wapo wasemao "mabadiliko ya hali ya hewa", na wengine "hali ya anga". Mkulima huenda asitumie hata moja kati ya hayo. Atasema tu kwamba masika yamechelewa, kisima kimekauka, na mbegu ya muda mfupi ndiyo ya kupandwa mwaka huu. Huyo naye ni mwalimu wa tabianchi, ila katika ramani ya mtafiti hana nukta.

Hofu hii si ya kubuni. Kabla ya mwaka 2018, mtandao wa Twitter, ambao leo unaitwa X, ulikuwa na mazoea ya kuzitambua jumbe za Kiswahili kuwa za Kiindonesia, hadi watumiaji wakapaza sauti kudai lugha yao itambuliwe. Aliyechuja data za miaka hiyo kwa kigezo cha lugha angeweza kuhitimisha kwamba Waswahili hawana la kusema.

Huenda msomaji akauliza: mbona tusikusanye data nyingi zaidi? Mlango wenyewe umebanwa. Twitter iliwafungulia wanataaluma hazina yake bila malipo mwaka 2021. Kufikia mwaka 2023, fursa hiyo ilikuwa imeondolewa. Aidha, sehemu kubwa ya mazungumzo yetu imo katika makundi ya WhatsApp. Wakati wa mafuriko ya mwaka 2024, wengi wetu tulipokezana maonyo humo, katika makundi ya jamaa na majirani. Mazungumzo hayo hayapaswi kuchotwa bila ridhaa ya wenyewe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ipo kumlinda mwananchi.

Sisemi utafiti huu uachwe. Nasema uitwe kwa jina lake. Ramani ya walioandika maneno fulani katika mtandao fulani isiitwe ramani ya elimu ya tabianchi nchini Kenya. Iwapo fedha na mitaala itapangwa kwa kufuata ramani kama hizi, basi wasioonekana watasahaulika mara mbili: kwanza katika data, kisha katika bajeti.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika. Wenzetu wa idara za mazingira na za kompyuta wana mashine. Sisi tuna lugha. Chama chetu kinaweza kuanza kwa kazi ndogo: kila mwanachama aendapo likizoni, awe wa Lamu, Kitale au Taita, anakili maneno ambayo watu wa kwao huyatumia kusimulia mvua, ukame na mafuriko, pamoja na tahajia zake zote. Orodha hiyo tuipeleke kwa watafiti kabla hawajaanza kutafuta. Tukinyamaza, ramani itachorwa vivyo hivyo, na lugha yetu haitakuwamo.