Kipenda Roho

Kipenda roho hula nyama mbichi. Methali hii ni kweli kwa mlaji, lakini si sheria kwa mpishi. Siku hizi imegeuzwa kuwa ngao ya kila shabiki wa muziki, sinema na televisheni. Akiulizwa kwa nini wimbo fulani umemfurahisha, hujibu kuwa ameupenda tu. Akiulizwa kwa nini mchezo fulani umemchukiza, hujibu kuwa kila mtu ana ladha yake. Baada ya maneno hayo mazungumzo hufa. Upande wa pili amekaa msomi, ambaye amekwisha kata shauri kuwa maneno ya shabiki ni porojo za barazani, na kwamba uhakiki hauanzi ila kitabu kinapofunguliwa. Watu hawa wawili hudhani kuwa ni mahasimu. Kwa hakika ni washirika katika dhuluma moja, maana wote wawili wamekubaliana kuwa rai ya mtu wa kawaida haina haja ya sababu. Mmoja amekubali kwa uvivu, mwingine kwa kiburi.

Dhuluma hii haina asili katika mila ya Waswahili. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya watu wa kazi mbalimbali, na kujibizana kwa mashairi kulikuwa na adabu yake. Aghalabu aliyetaka kumpinga mwenziwe aliingia katika bahari ile ile, akashika vina na mizani, kisha akalitaja neno alilolipinga. Hakutosheka kusema kuwa shairi la mwenziwe halikumpendeza. Chuki isiyo na hoja ilikuwa aibu kwa mwenye kuitoa, wala haikumpunguzia aliyechukiwa.

Na itazamwe hadhira ya taarabu. Msikilizaji hukaa akasikiliza, na ubeti unapofika mahali pamgusapo huinuka, akaenda mbele kwa madaha, akamtunza mwimbaji fedha. Hakungoja wimbo uishe, wala hakutunza jina la kikundi. Ametunza neno, na watu wote ukumbini wamejua ni neno gani. Pengine wamejua pia limemlenga nani. Tendo hili ni hukumu iliyo kamili kuliko kurasa nyingi za sifa. Lina mahali, lina wakati, na lina thamani iliyotoka katika mkoba wa mhukumu mwenyewe. Shabiki asemaye kuwa wimbo ni mkali, kisha akashindwa kutaja ubeti mmoja, yu nyuma sana ya bibi yule aliyeinuka kitini. Kipimo cha rai, basi, si elimu ya msemaji. Kipimo ni kuwa rai yake inaonyesha mahali au haionyeshi.

Msomi atasema kuwa nyimbo za starehe hazistahili taabu hiyo. Na amkumbuke Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu kabla ya kuimba, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri kwa lugha ya Kiswahili. Miongoni mwa nyimbo zake ulikuwamo wimbo wa Kijiti, uliosimulia mauaji ya mwanamke na kuishutumu korti iliyowafunga mashahidi ilhali mshitakiwa amekwisha toroka. Waliousikiliza wimbo huo hawakupima sauti peke yake. Walipima haki ya serikali ya wakoloni. Shaaban Robert alilitambua jambo hilo. Wasifu wake wa Siti ulichapishwa mwaka 1958, na mwandishi aliyekuwa na sifa kuliko wote wa zama zake hakuona haya kuitumia kalamu yake kwa ajili ya mwimbaji. Msomi aonaye haya leo kuandika habari za mwimbaji amejifanya mkubwa kuliko Shaaban Robert.

Lakini shabiki naye asishangilie mapema. Rai nyepesi inaweza kuwa na kweli ndani yake na bado ikadhulumu. Ni rahisi kusema kuwa Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, aliiga nyimbo za sinema za Kihindi. Kweli, mahadhi ya Kihindi aliyachukua, wala hakuyaficha. Walakini mashairi mengi aliyoyaimba yalitungwa na ndugu yake, Ahmad Nassir, mtungaji wa Malenga wa Mvita ya mwaka 1971, na ushairi huo ni mzizi wa Mvita hasa. Mwenye kusema kuwa mwimbaji ameiga na aonyeshe alichoiga: ni mahadhi, ni vina, au ni fikira? Akionyesha, huenda akagundua kuwa jambo la kustaajabisha si uigaji, bali ni namna shairi la Kimvita lilivyokubali kuvikwa nguo ya Bombay bila ya kupoteza mwendo wake. Hukumu ya neno moja ilimfungia mlango asiuone uzuri huo.

Sinema imetendewa vivyo hivyo. Filamu ya Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka India mwaka 1951, ilipendwa mno Unguja. Hadithi yake ni ya hakimu aliyeamini kuwa mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Hakimu huyo akamfukuza mkewe mjamzito kwa shaka, na mwanawe akakulia mitaani akawa mwizi kweli, hata akasimamishwa kizimbani kwa kutaka kumwua hakimu yule yule. Mtazamaji aliyesema kuwa filamu hiyo imemliza alikuwa amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kusema kwa nini. Waswahili wana methali isemayo kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka, na filamu nzima ni kesi dhidi ya methali hiyo. Machozi ya mtazamaji yalikuwa hoja ambayo haijapata maneno.

Hoja za namna hiyo zimepata maneno mahali pengine. Mwaka 2018 mwanahistoria Laura Fair alitoa nchini Marekani kitabu chake Reel Pleasures, kinachoeleza majumba ya sinema ya Tanzania na watu walioyajaza. Mengi yaliyosemwa na wazee kwa Kiswahili juu ya filamu walizozipenda sasa husomwa kwa Kiingereza. Lawama haimwendei mgeni aliyeuliza. Inawaendea wenyeji waliokaa karibu zaidi na wazee hao, wakayasikia mazungumzo yao kila jioni, na wasione ndani yake neno la kuandikwa.

Televisheni ilifika Kenya mwaka 1962, ikafika Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara iliingoja mpaka mwaka 1994. Mwaka 2011 kituo cha taifa cha Tanzania kilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Mwezi wa Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China aliitaja tamthilia hiyo katika hotuba yake Dar es Salaam, kama daraja la kuwajulisha watazamaji maisha ya jamaa za Kichina. Rai ya rais imehifadhiwa. Rai za watazamaji ziko wapi? Mkwe wa Kichina akitiwa ulimi wa Kiswahili, je, anasema kama mkwe, au anasema kama kamusi? Heshima baina yake na mke wa mwanawe imepata maneno yake, au imepotea njiani? Shabiki akilalamika kuwa watu wa tamthilia za kigeni wanasema kama kitabu, amegusa fundo kubwa la elimu ya tafsiri. Kosa lake ni kuliacha fundo hilo bila ya kulifungua. Kosa la msomi ni kutosikia kuwa limeguswa.

Iko ngao nyingine ya shabiki, nayo ni wingi. Husemwa kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo wimbo uliosikilizwa na mamilioni umekwisha hukumiwa. Hesabu hueleza mlango umefunguliwa mara ngapi. Haielezi kilichoonekana ndani ya nyumba. Bi Kidude wa Unguja aliimba muda mrefu wa maisha yake kabla ya sifa za dunia kumfikia uzeeni, na tuzo ya WOMEX aliipata mwaka 2005, miaka minane tu kabla ya kufariki kwake. Ikiwa chema hujiuza chenyewe, sauti ile ilichelewa sokoni kwa kosa la nani? Chema hakijiuzi bila ya mtu wa kusema kuwa ni chema, na kusema kwa nini.

Wako watakaojibu kuwa kuuliza sababu ni kuua raha. Hofu hii haina msingi. Mjuzi wa mafumbo hucheka zaidi anaposikia fumbo, si kidogo. Na ajuaye mizani husikia shairi linapochechemea na linapocheza. Raha inayokufa kwa kuulizwa swali moja haikuwa raha. Ilikuwa desturi ya kufuata wengine.

Kwa hiyo deni liko pande mbili. Shabiki anadaiwa sababu: ataje ubeti, ataje tendo, ataje neno la mchezaji, kisha apende au achukie apendavyo. Msomi anadaiwa sikio: akusanye rai hizo kwa lugha zilimosemwa, azipime kwa vipimo ambavyo Kiswahili kinavyo tayari, kama vile kina, mizani, fumbo, kijembe na tunzo, na aziandike kwa Kiswahili. Wazee waliozijaza sinema za zamani wanapungua kila mwaka. Kila anayezikwa bila ya kuulizwa huondoka na hukumu ambazo chuo chochote hakitaweza kuzirudisha. Kipenda roho na kile nyama, lakini na kiseme imepikwaje.