Mashine ya Kulainisha Maji Haitufai

Katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika likizo iliyopita, wengi waliinua mikono kwamba fedha zilizochangwa zinunue mashine ya kulainisha maji ya bomba hapa shuleni. Waliosimama kusema walitaja mambo matatu: sabuni haitoi povu upesi, mabirika ya jikoni yana ukoga mweupe, na mashati meupe hupoteza weupe wake kabla muhula haujakwisha. Hakuna aliyesema uwongo. Lakini mimi nilikuwa katika wale wachache waliokataa, nami naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze kwa nini, maana mkutanoni muda ulikuwa umekwisha na chai ilikuwa inapoa.

Yafaa kwanza tujue maji magumu ni nini. Mvua inyeshapo huwa laini. Ikipenya ardhini na kukaa kati ya mawe, huchukua kidogo kidogo madini, hasa kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ikikutana na madini hayo hufanya utando wa kijivu badala ya povu, na utando huo ndio unaoyaharibu mashati. Maji hayo yakichemshwa, sehemu ya ugumu wake huganda na kushika chini ya birika. Basi ule ukoga unaotuchukiza ni ugumu uliokwisha kutoka majini. Haumo tena katika kikombe cha mtu. Mpishi akitia siki au maji ya ndimu ndani ya birika na kuliacha usiku kucha, asubuhi utabanduka.

Je, ugumu huo unadhuru mwili? Shirika la Afya Duniani halikuweka mpaka wowote wa ugumu wa maji kwa ajili ya afya. Kalsiamu na magnesiamu ni vitu ambavyo mwili wenyewe unavihitaji. Hasara tunayopata ni ya sabuni na kuni, nayo ni hasara kweli, sikatai. Mama mwenye nguo za watoto sita aijua kuliko mimi. Lakini ni hasara ya mfuko.

Mashine inayotakiwa ina chembechembe zilizoshika sodiamu. Maji yakipita humo, huziachia kalsiamu na kuchukua sodiamu. Chembechembe zikichoka husuuzwa kwa maji ya chumvi, ndipo zifanye kazi tena. Maana yake ni kwamba baada ya kununua mashine tutanunua chumvi muhula baada ya muhula, na siku chumvi itakapokosekana tutakuwa na sanduku zuri la kuonyesha wageni. Tena mashine hiyo haiui vijidudu, wala haiondoi floridi.

Hapo kwenye floridi ndipo nilipotaka kufika. Sisi tunakaa Kisoro, chini ya Muhabura, juu ya mawe yaliyomwagwa na volkano. Mji wetu hunywa maji ya chemchemi ya Chuho, na vijiji vina chemchemi na visima vyake. Mawe ya volkano mara nyingi huwapa maji floridi, nayo haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haigandi kwenye birika. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja. Utafiti wa meno ya watoto uliochapishwa mwaka 1999 ulilinganisha sehemu za Kasese, ambako maji yalikuwa na miligramu 0.5, na sehemu za kwetu Kisoro, ambako yalikuwa na miligramu 2.5. Msomaji ahesabu mwenyewe. Kipimo cha chemchemi moja si kipimo cha nyingine, kwa hiyo sisemi kila bomba ni hivyo. Nasema kila chanzo sharti kipimwe chenyewe.

Matokeo yake tunayaona vinywani mwa ndugu zetu: meno yenye mabaka meupe kama chaki, na kwa wengine mabaka ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wala kwa mkaa. Nimewahi kumsikia mwalimu mmoja akimwita mtoto mbele ya darasa na kumwambia ni mvivu wa kupiga mswaki. Mtoto yule alikuwa akipiga mswaki mara mbili kwa siku. Tangu hapo alicheka akiwa ameziba mdomo kwa mkono, na wako wengi kati yetu wanaocheka hivyo hata leo, watu wazima wenye kazi zao.

Tena msidhani kwamba maji yakiwa laini yamesalimika. Mara nyingi mambo ni kinyume: maji ya chini ya ardhi yenye floridi nyingi huwa na kalsiamu chache, kwa kuwa kalsiamu hushikana na floridi na kuizuia isizidi. Wala kuchemsha hakusaidii hapo. Mvuke hupaa na floridi hubaki. Kule karibu na Arusha, katika kituo cha Ngurdoto, wenzetu wamefanya kazi ya kuipunguza floridi kwa kuyachuja maji katika mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Mashine yetu ya chumvi haina uwezo huo.

Jambo la pili linahusu nyinyi, wadogo zangu mnaolala bwenini. Nasikia wako wanaoacha maji ya bomba kwa sababu yana harufu ya klorini, wakaenda kujaza chupa katika kijito kwa kuwa maji yake ni matamu na meupe kama kioo. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoingia London, daktari John Snow alifuatilia vifo vilivyozunguka bomba moja la Broad Street. Palikuwa na mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali kidogo, mahali ambapo ugonjwa haukufika. Lakini aliyapenda sana maji ya bomba lile kwa utamu wake, akawa analetewa chupa kila siku. Alikufa, na mpwa wake wa kike aliyekunywa maji hayo akafa pia. Na Kampala mwaka 2015, homa ya matumbo ilipowaangusha watu kwa maelfu, waliochunguza walikuta maji machafu na vinywaji vilivyotengenezwa kwa maji hayo. Ile harufu ya klorini mnayoikimbia ndiyo dalili kwamba bado kuna kitu kinachoua vijidudu ndani ya bomba. Bomba likikauka nusu siku na kurudi bila harufu hiyo, hapo ndipo pa kuchemsha bila ubishi.

Basi fedha zifanye nini? Naomba sehemu ndogo ipimishe maji ya bomba letu, floridi na vijidudu, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo kwa lugha ambayo hata mpishi ataisoma. Sehemu kubwa ijenge tangi la maji ya mvua, tena lisijengwe kwetu. Lijengwe katika shule ya msingi tunayopakana nayo kwa ua. Sisi wa sekondari meno yetu yamekwisha kuumbwa. Floridi haiwezi tena kuyatia mabaka. Lakini meno ya kudumu ya mtoto huumbwa ndani ya ufizi tangu uchanga mpaka karibu miaka 8, na watoto wa umri huo wako pale ng'ambo ya ua, wanakunywa maji hayo hayo.

Hesabu si ngumu. Paa la bati lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 hupokea lita 1,600 katika mvua ya milimita 10. Tangi la lita 10,000 likiwa limejaa, watoto 200 wakinywa lita moja kila mmoja, hutosha siku 50 bila tone kuanguka, yaani sehemu kubwa ya kiangazi chetu cha Juni na Julai. Maji ya kwanza yanayoosha kinyesi cha ndege yamwagwe, na yanayobaki yatiwe dawa au yachemshwe. Nayo pia yapimwe, maana upande wa Goma moshi wa Nyiragongo umeonekana ukitia floridi hata katika maji ya mvua.

Najua litakalosemwa: kwamba tulichanga kwa ajili ya shule yetu, si ya wengine. Nawauliza wenzangu walionichukia mkutanoni, watoto watakaoingia kidato cha kwanza hapa baada ya miaka saba wako wapi leo? Wako pale ng'ambo ya ua. Mkutano ujao ni mwisho wa muhula huu, na fundi wa bati amekwisha kunipa bei ya michirizi na ya tangi. Nitakuja na karatasi yake.

Mwanafunzi wa zamani