Sahani ya Rafiki Yangu

Mwezi huu nitaanza na chakula cha saa sita, kwa sababu chakula kile kilinihubiri mimi mwenye kuzoea kuhubiri wengine.

Rafiki yangu mumoja, Mujapani na mukristo, alikuja kwetu miaka iliyopita kuona kazi ya makanisa. Alilala nyumbani kwangu siku tatu. Mama wa watoto akamupikia bukari, sombe na tunkubiu. Watoto wakasimama kwenye mulango kuangalia kama mugeni atakula wadudu. Yeye akanawa mikono, akamega bukari kwa vidole kama sisi, akatwaa tunkubiu moja, akatafuna. Pilipili ilimutoa machozi. Lakini akasema: "Aksanti mama, ni muzuri." Na akaongeza.

Nyuma yake mimi vilevile nikaalikwa kwao, katika muji wa Osaka. Siku moja saa sita akaniambia kwa Kifaransa chake cha kuvunjika: "Pasta, leo ni zamu yako." Akanipeleka kwenye restora ya sushi.

Ninyi watu wa mine mungecheka. Ndani ya restora kuna mukaba unaotembea, kama ule wa usine unaobeba mawe ya shaba, lakini huu unabeba sahani ndogo-ndogo za chakula. Unaketi, sahani zinapita mbele yako, unatwaa ile unayopenda. Kwa mwisho wanahesabu sahani tupu, unalipa. Restora ya namna hii ilianza kulekule upande wa Osaka mwaka wa 1958. Mwenyewe aliona chupa za pombe zikitembea juu ya mukaba katika usine, akawaza: kwa nini si chakula?

Rafiki akanifundisha kwamba sushi si jina la samaki mubichi. Ni wali uliotiwa vinegre, na juu yake wanaweka samaki, ao yai, ao konkombre. Zamani sana watu walifungia samaki ndani ya chumvi na wali miezi mingi kusudi asioze, na ule wali wakautupa. Nikawaza bitoyo yetu. Kumbe mama wa kule na mama wa huku walisumbuka na neno moja: namna gani samaki wa leo atalisha watoto kesho?

Mbele ya kula akaunganisha mikono, akasema neno la kwao la kusema "napokea kwa unyenyekevu". Kisha tukaomba kwa Bwana. Halafu akaweka mbele yangu samaki mwekundu, mubichi kabisa.

Wapenzi, tumbo langu lilikataa. Kwetu samaki anachomwa, anakaushwa, anakaangwa. Niliwaza kumuficha ndani ya kitambaa cha mufukoni. Nikakumbuka tunkubiu. Nikafunga macho, nikatia mudomoni. Alikuwa baridi na laini, bila harufu mbaya. Lakini chini yake kulikuwa wasabi, ile pilipili yao ya kijani inayopanda puani. Machozi ikanitoka. Rafiki akacheka sana: "Sasa tuko sawasawa!"

Tulipokuwa tukinywa chai, nikamwambia habari ambayo sijapata kuisema kanisani. Katika mwaka wa 1992 nilikuwa mutoto wa miaka kumi, pale Likasi. Jirani zetu walitoka Kasai. Nilicheza kila siku na mutoto wao. Lakini sisi watoto tulicheka bukari yao ya unga wa mihogo, tukacheka na kusema kwao. Wakubwa walisikia, hakuna aliyetukataza, wengine walicheka pamoja nasi. Kisha wakafukuzwa. Jamaa nyingi zililala kwenye gare ya Likasi na ya Kolwezi, wakingojea treni, na watoto wakafa pale kwa magonjwa. Rafiki yangu alipita mbele ya nyumba yetu, mama yake amebeba sufuria kichwani. Mimi nilikaa ndani. Sikutoka kumuaga.

Mujapani akanyamaza. Kisha akauliza: "Kwao, ulikula hata siku moja?"

"Hapana. Mama yake aliniita mara mingi. Nilikataa."

Hakuongeza neno. Aliniongezea chai.

Someni Matendo ya Mitume sura ya 10. Petro alikuwa na njaa, saa sita vilevile, Bwana alipomuonyesha vyakula alivyovizoea kuvichukia. Petro aliwaza kwamba ni habari ya nyama. Kumbe ilikuwa habari ya Kornelio, na ya mulango wa nyumba ambayo hajapata kuingia.

Sisemi kwamba kucheka bukari ya jirani ndiko kulikofukuza watu. Kulikuwa mambo mengine makubwa. Lakini ule mutu uliyezoea kumucheka, siku anapofukuzwa, hautatoka kumutetea. Mimi ni shahidi.

Leo katika kambi zetu watu wa Kasai wamerudi, wa Kivu wako, Wachina wako. Baba, mama, watoto wako wanasema nini kwa meza juu ya chakula chao? Na wewe unawakataza, ao unacheka? Mwezi huu mualike jirani mumoja wa kabila lingine. Na yeye akikuita, nenda, ukule kwake.

Lakini sikieni vema: musile samaki mubichi wa mito yetu! Samaki wa mito wana minyoo, na Wajapani wenyewe wanawaogopa. Upendo wa jirani hauombi ugonjwa.

Yule mutoto wa jirani, sijui aliko. Kama Bwana akinipa kumuona tena, nitamuomba sahani moja ya kwao.

Neema ya Bwana iwe nanyi.