Kitabu cha Waqfu ni Amana



Maktaba ya chuo chetu ina mapengo. Si mchwa wala panya. Ni vitabu vilivyoazimwa tangu mwaka jana, havijarudi.

Tuwatazame wenzetu wa Lamu. Msikiti wa Riyadha, alioasisi Habib Swaleh, una hati za mkono za zamani, nyingine zimeandikwa ndani yake kuwa ni waqfu. Katika miaka ya 2010 zilipigwa picha kwa msaada wa British Library ya London, ili hata msomaji wa mbali azione. Je, kingebaki nini cha kupigwa picha lau kila aliyeazima angejiwekea nyumbani?

Wako wanaotaka faini. Sisi tunaona faini itamfanya asiye na senti azidi kukificha kitabu. Bora tukumbushane: aliyetoa waqfu hupata thawabu kitabu kinaposomwa. Tukikifungia sandukuni, tunamkatia yeye na kumnyima mwenzetu.

Basi rudisheni kabla ya Ramadhani. Hataulizwa mtu kwa nini amechelewa.

Wabillahi tawfiq.