Mganga wa Karema na Wageni Wetu wa Wiki Mbili

Kila mwaka hufika katika visiwa vyetu, na katika mikoa mingi ya bara, vikundi vya madaktari wa kujitolea kutoka nchi za ng'ambo. Wengine hutibu macho, wengine meno, wengine hupasua. Huja kwa nauli zao wenyewe au kwa michango ya watu wa kwao, na wananchi huwapokea kwa foleni zinazoanza kabla ya alfajiri. Sisi hatuna neno baya juu ya mtu aliyeacha kazi ya mshahara akaja kumrudishia nuru ya macho mzee wa Kojani au wa Sikonge. Kumshukuru ni wajibu. Lakini shukrani isituzuie kuuliza swali ambalo mwenyeji yeyote mwenye busara huliuliza: mgeni huyu akisha kuondoka, ni nani atakayekitazama kidonda alichokishona?

Swali hili si jipya. Liliulizwa zamani katika njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora, na watu wa visiwani tunayo sababu ya kuikumbuka njia ile, kwa maana ilianzia mlangoni petu. Mali ya misafara ilikopeshwa Unguja, ikavushwa hadi Bagamoyo, ikapandishwa bara mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Burton na Speke, mwaka 1857, walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hata kufika Kazeh, ndiyo Tabora. Hapo njia iligawanyika: ya Ujiji magharibi, ya Karagwe na Buganda kaskazini, na nyingine ya Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kwa njia hiyo hiyo yalishuka meno ya tembo, wakashuka na watu waliofungwa minyororo, na sehemu kubwa ya fedha iliyotokana nao ilibaki huku kwetu.

Madaktari wa kigeni walipita humo mapema. Mwaka 1873 alikuwapo Kwihara, karibu na Tabora, Dk. Dillon wa jeshi la majini la Uingereza, mganga wa msafara wa Cameron. Homa ilimwangusha kabla hajafanya kazi ya maana, na mwezi wa Novemba mwaka huo, akirudishwa pwani pamoja na maiti ya Livingstone, alijiua kwa bunduki akiwa amezidiwa na ugonjwa. Miaka sita baadaye Dk. Southon, aliyetumwa na chama cha misheni cha London, alifika Urambo akapokewa vema na Mtemi Mirambo. Huyu alikaa, akatibu, akajenga urafiki na wenyeji. Lakini mwaka 1882 risasi ilimpiga mkononi kwa bahati mbaya, na pale Urambo daktari alikuwa mmoja tu, naye ndiye mgonjwa. Wenzake wasio na elimu ya udaktari walilazimika kumkata mkono, wala haikusaidia; alifariki Julai mwaka huo. Elimu yote ya tiba iliyokuwa Urambo ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, ikazikwa naye.

Sasa tumtazame mwingine, ambaye vitabu vyetu vya shule vimemsahau bila sababu njema. Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji cha Tindirma, kando ya mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alipokuwa mtoto alitekwa nyara, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, ambako mapadre wa shirika la White Fathers walimkomboa kwa fedha. Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa na shauri ambalo wakati ule wengi wa Ulaya hawakulifikiria: kwamba Waafrika wapewe elimu ya tiba ili wawe waganga wa Waafrika wenzao, badala ya kuwategemea Wazungu ambao homa iliwamaliza haraka. Kwa ajili hiyo alifungua chuo kisiwani Malta mwaka 1881, na Atiman akawa mmojawapo wa wanafunzi wake.

Mwaka 1888 kijana huyo aliteremka Unguja, akapanda bara na msafara. Msomaji na aone jambo hili vizuri. Mtu aliyekwisha kuuzwa alikuwa akiikanyaga njia ya watumwa, ila yeye aliikanyaga kinyume, akienda kule walikotoka, na mzigo wake ulikuwa dawa. Mwanzoni mwa mwaka 1889 alifika Karema. Mali ilikuwa mbali naye kama ilivyo mbali na sisi. Lugha, vyakula na desturi za Karema vyote vilikuwa vigeni kwake. Alijifunza. Alioa binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende, na mwanawe akaja kuwa padre. Alikuta Karema haijatawaliwa na serikali yoyote ya kigeni, akawaona Wajerumani wakija na kuondoka, akawaona Waingereza wakija, naye akazidi kutibu. Alifariki huko huko Karema mwaka 1956, baada ya miaka 67 ya kazi.

Hatusemi kwamba kila daktari wa Ulaya au Marekani ahamie kwetu miaka 67. Hilo ni jambo lisilowezekana, tena lisingekuwa haki kulidai. Tunalotaka kulionyesha ni kwamba mgonjwa wa Karema aliyetibiwa Jumatatu aliweza kurudi Ijumaa akamkuta mganga yule yule, akamweleza kwa lugha wanayoielewana wote wawili kwamba dawa imemfaa au haikumfaa. Tiba bila marejeo hayo ni nusu ya tiba. Mgeni wa wiki mbili hawezi kuwapo Ijumaa ya wiki ya tatu; lakini anaweza kumwacha mtu.

Wapo waliotufanyia hivyo. Madaktari wa China wamekuwa wakipokezana Unguja na Pemba tangu mwaka 1964, na walipoanza kazi ya kupambana na kichocho huko Pemba walifanya kazi pamoja na wataalamu wa maabara wa hapa hapa. Mwaka 2007 Cuba ilisaidia kuanzisha Unguja masomo ya udaktari chini ya walimu wa Chuo Kikuu cha Matanzas. Leo mgonjwa wa Mnazi Mmoja huweza kutibiwa na kijana wa Makunduchi au wa Wete aliyesomeshwa nao. Katika mkoa wa Tabora, hospitali ya Nkinga, iliyoanzishwa na wamisionari kutoka Sweden, ilizaa pia chuo cha kufundisha wauguzi. Na Serikali ya Muungano ilipoanza, mwaka 2024, kupeleka madaktari bingwa katika hospitali za wilaya kwa siku chache chache, iliwapa kazi ya kutibu na kuwafundisha wenyeji pamoja. Mfano tunao, kilichobaki ni kuufanya uwe sharti.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa Wizara za Afya za pande zote mbili za Muungano kwamba, kabla ya kutia sahihi kibali cha kikundi chochote cha kujitolea, waulize kwanza jina la daktari, mganga msaidizi au muuguzi wa hospitali hiyo atakayesimama ubavuni mwa mgeni toka siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kama jina hakuna, kibali kingoje. Kumbukumbu za kila mgonjwa zibaki hospitali, zimeandikwa kwa namna ambayo mwenyeji ataweza kuzisoma, wala zisisafiri katika mkoba wa mtu. Dawa za msaada zisipokelewe kwa sababu tu ni za bure: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wenyewe unataka dawa za namna hiyo zifikapo nchini ziwe zimebakiwa na angalau mwaka mmoja wa matumizi. Mashine isiyo na vipuri wala fundi nayo ni mzigo wa stoo.

Tunajua lipo jibu la baadhi ya maofisa, kwamba masharti yatawafukuza wafadhili na mwenye njaa hachagui. Hatukubaliani nalo. Daktari wa kweli aliyekuja kwa moyo wa kweli hufurahi kukuta mwanafunzi anamngoja. Atakayechukizwa kuulizwa habari ya marejeo ya wagonjwa, heri tumjue mapema.

Liko jambo moja zaidi, na hili ni letu wenyewe visiwani. Tumezoea kuhesabiwa miongoni mwa wanaopokea. Afya si jambo la Muungano, na kila upande una baraza lake la madaktari. Hivyo daktari wa Unguja anayetaka kwenda kujitolea mwezi mmoja Tabora huhesabiwa katika karatasi karibu kama mtu wa ng'ambo, ijapokuwa bibi yake mzaa baba huenda alikuwa Mnyamwezi. Wapo wauguzi na madaktari wastaafu hapa Mjini na Chake Chake ambao mikono yao bado ni imara. Wapo na vijana ambao mwezi mmoja katika hospitali ya Kitete au ya Urambo ungewafunza mengi. Mabaraza hayo mawili na yakae pamoja, yatengeneze kibali cha muda mfupi kitakachotolewa kwa siku na si kwa miezi, na Serikali ya Mapinduzi iridhie kwamba mtumishi anayekwenda kwa kazi hiyo asikatwe mshahara wala likizo yake. Nauli ya boti na ya treni hadi Tabora haishindi uwezo wetu, na safari iliyomchukua Burton zaidi ya miezi minne sasa ni ya siku mbili.